Kompyuta ya familia na programu isiyokubali kuzimwa

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500. Tunaitumia watu watatu: mimi, mjukuu wangu wa kidato cha tatu, na kijana wangu wa mwisho anayesoma chuo hapa hapa mjini, na kila mmoja ana akaunti yake. Asubuhi mashine haina shida, lakini jioni nikiingia inakuwa nzito, feni inapiga kelele, na Task Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha programu zinazoendeshwa, inaonyesha diski iko asilimia 100. Juu kabisa huwa naona Microsoft Windows Search Indexer, na mara nyingine Antimalware Service Executable. Ya kwanza nikiizima inarudi muda si mrefu, ya pili inakataa kabisa kuzimwa. Bando la intaneti nalo siku hizi linaisha kabla ya wakati wake. Fundi anasema ni virusi, tufomati. Je, nimkubalie?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Usimkubalie bado. Majina mawili uliyoyaona si ya virusi, na kwa maelezo uliyoyatoa inaelekea kwamba programu hizo mbili zinashughulikia mzigo ulioletwa na programu ya tatu, ambayo hukuiona kwa sababu haiendeshwi katika akaunti yako. Mwenye kompyuta ya peke yake anaweza kuanza kwa kuuliza programu fulani ni ipi na inafanya nini. Kwenye kompyuta ya familia linatangulia swali jingine, yaani programu hiyo inaendeshwa kwa jina la nani. Usipolijibu hilo utakuwa unazima kile kinachoonekana kwenye kioo, huku chanzo kikiendelea na shughuli zake.

Nianze na hayo majina. Microsoft Windows Search Indexer, ambayo faili lake huitwa SearchIndexer.exe, ni huduma ya Windows inayopitia nyaraka, picha na mafaili mengine ya watumiaji na kuyaandikia faharasa, ili mtu anapotafuta waraka wake aupate papo hapo bila kusubiri diski nzima ipekuliwe. Antimalware Service Executable, yaani MsMpEng.exe, ni injini ya Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, na mojawapo ya kazi zake ni kukagua mafaili yanapofunguliwa na yanapoandikwa. Zote mbili zinaitumikia mashine nzima, haidhuru nani amekaa mbele ya kibodi. Mbali na ukaguzi wa ratiba ambao Defender huufanya mara kwa mara, na ambao huisha, shughuli za hizi mbili hufuata mafaili yanavyobadilika. Siku ambayo hakuna kipya zinatulia, lakini ikiwapo programu inayoandika mafaili mfululizo, Defender itayakagua na faharasa itajaribu kwenda nayo sambamba. Ndiyo maana majina yao hupanda juu ya orodha hata pale ambapo aliyeanzisha shughuli yote ni mwingine.

Kurudi kwa Search Indexer baada ya wewe kuizima hakupaswi kukutia hofu. Windows ina programu inayosimamia huduma zake zote, services.exe, na kila huduma ina maagizo ya nini kifanyike ikifa ghafla. Kwa huduma hii agizo ni kuiwasha tena. Tena kuizima kunaongeza taabu, kwa sababu hifadhidata yake, faili liitwalo Windows.edb, huachwa wazi katikati ya uandishi, na huduma ikiamka hulazimika kwanza kuikagua na kuirekebisha ndipo iendelee pale ilipoishia. Ukiizima mara kadhaa jioni moja, umeiongezea diski kazi ambayo haikuwapo. Defender nayo inakataa kuzimwa kwa makusudi ya walioitengeneza: kama mtumiaji angeweza kuiondoa kwa kubofya mara moja, virusi navyo vingeweza.

Sasa hiyo asilimia 100, ambayo huwatisha wengi wakadhani diski imejaa. Nambari hiyo inapima muda, yaani ni sehemu gani ya sekunde zilizopita diski ilikuwa na kazi ya kufanya, na haisemi lolote kuhusu nafasi iliyobaki wala wingi wa data inayopita. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka na mkono unaobeba kichwa cha kusomea, na mkono huo hauna budi kusogea kila data inapotakiwa kutoka mahali pengine. Maombi yakiwa yametawanyika, diski ya namna hiyo humudu kama mia moja hivi kwa sekunde. Ni kama duka lenye muuzaji mmoja: wateja watano wanaoagiza kibiriti kimoja kimoja kutoka rafu tofauti humchosha kuliko mmoja anayebeba gunia zima la unga. Kwa hiyo unaweza kuona asilimia 100 ilhali kasi iliyoandikwa pembeni ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, na hali hiyo ikawa ya kweli kabisa, kwa maana ya kwamba kuna programu nyingi zinazogombea mkono mmoja.

Hapo ndipo ushirika wenu wa kompyuta unapoingia. Windows inamruhusu mtu kumwachia mwenzake kiti bila kutoka kwenye akaunti yake. Anabofya jina la mtumiaji mwingine, au anafunga kioo tu na kuinuka, na anayefuata anaingia kwa neno lake la siri. Kwa macho inaonekana kama aliyeondoka ameondoka, lakini kila alichokifungua kinaendelea: kivinjari chenye kurasa zake zote, programu ya muziki, programu ya kupakua filamu. Kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, Windows yenyewe na kivinjari kimoja vinatosha kuijaza. Wakikaa ndani watumiaji wawili kwa pamoja, Windows huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, katika faili liitwalo pagefile.sys, na kuirudisha kila inapohitajika. Uhamishaji huo huandikwa kwa jina la "System", jina ambalo halimshtui mtu, na hivyo sababu kubwa ya uzito wa mashine hupita bila kutiliwa shaka.

Kuna onyo ambalo huenda umeliona bila kulitilia maanani. Unapoizima mashine usiku, je, huwa inakuambia kwa Kiingereza kwamba kuna mtu mwingine bado anaitumia kompyuta hii na kwamba ukizima sasa anaweza kupoteza kazi ambayo hajaihifadhi? Kama ndiyo, basi sehemu ya swali lako imekwisha kujibiwa na mashine yenyewe. Inaafikiana pia na maelezo yako kwamba asubuhi hali huwa nzuri, kwa kuwa kuzima usiku kunawatoa watumiaji wote, na asubuhi hayupo mtu ndani mpaka wa kwanza aingie.

Dalili iliyonishawishi zaidi kuliko zote, hata hivyo, ni bando. Faharasa ni kazi ya ndani ya diski na haimalizi bando. Defender hupakua taarifa mpya za virusi, nazo ni ndogo. Kwa hiyo majina mawili uliyoyaona hayawezi kueleza matatizo yote mawili kwa pamoja, na inabidi tutafute programu inayoandika sana kwenye diski na wakati huo huo kusafirisha data nyingi kwenye intaneti. Programu za namna hiyo si nyingi. Iko ya kupakua filamu kwa torenti, yaani kwa vipande kutoka kwenye kompyuta za watumiaji wengine, ziko za kuhifadhi mafaili mtandaoni kama OneDrive na Google Drive, uko upakuaji wa michezo ya kompyuta, na uko upakuaji wa masasisho ya Windows. Kwa nyumba yenye mwanachuo mimi ningeanza na torenti. Simtuhumu kijana, ila ni programu ambayo tabia yake haifahamiki vizuri hata kwa wanaoitumia kila siku: filamu ikishakamilika, programu hiyo huendelea kuwapakia watu wengine vipande vya filamu ile ile mpaka izuiwe, na data inayotoka hukatwa kwenye bando sawasawa na inayoingia. Tena ukiifunga kwa alama ya msalaba iliyo pembeni ya dirisha, mara nyingi haifi, inajificha tu kati ya alama ndogo zilizo karibu na saa, na huko inaendelea.

Hayo bado ni makisio, na namna ya kuyathibitisha ni kuitazama mashine ikiwa katikati ya tatizo. Subiri jioni iwe nzito kama kawaida yake, na usiiwashe upya, kwa maana ukiiwasha upya unafuta ushahidi wote. Kwenye menyu ya Start andika Task Manager, bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Run as administrator". Kama akaunti yako si ya msimamizi, Windows itakuomba neno la siri la akaunti iliyo ya msimamizi. Hatua hii usiiruke, kwani ukifungua Task Manager kama mtumiaji wa kawaida hutapata taarifa kamili za watumiaji wengine, na nadhani ndilo lililokukwamisha mpaka sasa. Dirisha likifunguka dogo, bofya "More details".

Nenda kwenye kichupo cha "Users". Utaona majina ya wote walio ndani, kila mmoja na kiasi cha prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao anachotumia, na yule aliyeinuka bila kutoka huandikiwa "Disconnected". Bofya mshale ulio kando ya jina lake, na programu zake zote zitajipanga chini yake. Kwa familia nyingi uchunguzi huishia hapo, kwa kuwa mtu anajionea mwenyewe kwamba mtumiaji ambaye hayupo chumbani ameshika nusu ya kumbukumbu.

Ukitaka ushahidi usio na ubishi, rudi kwenye kichupo cha "Performance" na chini kabisa ubofye "Open Resource Monitor", kisha kichupo cha "Disk", na ufungue sehemu ya "Disk Activity". Hapa kila mstari unaonyesha programu pamoja na faili lenyewe linalosomwa au kuandikwa kwa dakika hiyo. Bofya kichwa cha safu ya "Total" ili mizigo mikubwa ipande juu, halafu usiyasome majina ya programu, soma safu ya "File". Chukulia kwamba mstari wa kwanza ni SearchIndexer.exe na faili lake ni Windows.edb, wa pili ni System na faili lake ni C:\pagefile.sys, na wa tatu ni MsMpEng.exe ikisoma faili kubwa la video ndani ya C:\Users, kwenye folda ya Downloads ya kijana wako. Ukishuka mistari michache utaikuta programu usiyoifahamu ikiandika kwenye faili lile lile la video. Sasa mfuatano unasomeka vizuri: programu ile inaandika, Defender inakagua kilichoandikwa, faharasa inajaribu kukiorodhesha, na kwa kuwa kumbukumbu imejaa, System inahamisha mizigo huku na huku. Wanne wamejitokeza, aliyeanza ni mmoja, na huenda asiwe hata miongoni mwa watatu wa juu.

Kisha fungua kichupo cha "Network" na utazame safu ya "Send". Programu ile ile ikionekana inatuma data kwa wingi ilhali hakuna anayeitumia, suala la bando nalo limepata mwenyewe. Kwa hesabu ya muda mrefu zaidi, kwenye Settings, upande wa Network & Internet, ipo orodha ya matumizi ya data kwa kila programu kwa siku 30, inayofunguliwa kwa kubofya "Data usage".

Ukishajua, nakuomba usiimalize programu hiyo ukiwa kwenye kiti chako. Kichupo cha "Users" kinakuruhusu kumtoa mtumiaji mwingine kwa kubofya jina lake na kuchagua "Sign off", lakini kila ambacho hajakihifadhi kinapotea, na ripoti ya chuo iliyopotea italeta ugomvi mkubwa kuliko wa bando. Mwite kijana akae mwenyewe mbele ya mashine. Wala hakuna haja ya kumfungulia folda zake kuona amepakua nini. Njia ya faili kwenye Resource Monitor imekwisha kukutosha, na mpaka huo ukiheshimiwa, mazungumzo yatakuwa ya matumizi ya mashine badala ya kuwa ya upelelezi. Yeye ndiye anayepaswa kufungua mipangilio ya programu yake na kuondoa alama ya kuanza pamoja na Windows, kuweka kikomo cha kasi ya kupakia, na kuiagiza iache kupakia filamu inapokamilika. Anapaswa pia, akiwa ndani ya akaunti yake, kupitia kichupo cha "Startup" cha Task Manager, kwa sababu vinavyojiwasha katika akaunti yake huvioni vyote ukiwa katika yako.

Baada ya hapo iwekeni kanuni ya nyumba kwamba anayemaliza kazi anatoka kwa "Sign out", hafungi kioo tu. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4 naiona kanuni hii ina faida kuliko programu zote za "kuongeza kasi" zinazotangazwa mtandaoni, ambazo nyingi ni mzigo mwingine wa kujiwasha pamoja na Windows.

Kama kuna folda inayopokea mafaili makubwa kila siku na hakuna anayehitaji kuyatafuta kwa jina, iondoeni kwenye faharasa: andika "Indexing Options" kwenye menyu ya Start, bofya "Modify", na uondoe alama kwenye folda hiyo. Usiizime huduma nzima, na usikubali ushauri ulioenea sana wa kuzima Search, SysMain (huduma inayopakia mapema programu zinazotumiwa sana) na Defender vyote kwa mpigo. Mashine itaonekana nyepesi kwa siku chache, na utakuwa umeondoa ulinzi kwenye kompyuta ambayo flashi za watu watatu zinaingia na kutoka. Kuhusu bando, kwenye mipangilio ya mtandao wa Wi-Fi mnaoutumia washa "Set as metered connection", alama inayoiambia Windows kwamba data yenu ina kikomo. Windows itazuia sehemu kubwa ya masasisho yake na OneDrive itasimama, ila programu za torenti kwa kawaida hazijali alama hiyo, kwa hiyo isichukuliwe kuwa badala ya mazungumzo na kijana.

Inawezekana ukafuata yote haya ukakuta hayupo mtumiaji aliyebaki ndani na hakuna programu ya kupakua. Hapo ndipo nafasi ya virusi inapokuja, nayo ina dalili zake. Programu ya kisiri inayochimba sarafu za kidijitali hula prosesa zaidi kuliko diski. Nyingine huwa zinanyamaza mara tu Task Manager inapofunguliwa, hivyo feni iliyokuwa ikivuma ikitulia ghafla kila unapoifungua ni jambo la kutilia shaka. Programu za namna hii hupenda kujiita majina ya Windows, na njia ya kuzibaini ni mahali zinapokaa. Kwenye kichupo cha "Details" bofya jina kwa kitufe cha kulia na uchague "Open file location": svchost.exe halisi, programu ya Windows inayoendesha huduma zake, iko ndani ya C:\Windows\System32, na ukiikuta ndani ya folda ya AppData au Temp ya mtumiaji yeyote, hiyo ni bandia. Usishtushwe na wingi wa svchost.exe peke yake. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017 lenye namba 1703, mashine yenye RAM inayozidi GB 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake, kwa hiyo kuziona kadhaa wa kadhaa ni hali ya kawaida.

Tazama pia mambo mawili yanayoambatana na programu zilizovunjwa leseni, ambazo katika mashine za wanafunzi hazikosekani. Moja ni orodha ya vilivyosamehewa ukaguzi: fungua Windows Security, sehemu ya Virus & threat protection, ingia "Manage settings" na ushuke hadi "Exclusions". Ukikuta humo folda ambayo hakuna mwenye habari nayo, kuna aliyeiagiza Defender ifumbe macho, na mara nyingi ni maelekezo yaliyokuja na kreki yenyewe, yaani programu ya kuvunja leseni. La pili ni Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kuwasha programu zenyewe kwa wakati uliopangwa, ambako programu inayojirudisha kila ikizimwa hupenda kujiandikisha ili iamshwe upya. Ukiwa na mashaka, endesha Microsoft Defender Offline, inayopatikana kwenye Windows Security hiyo hiyo chini ya "Scan options". Mashine itajiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows haijapanda, kwa muda wa kama dakika 15, wakati ambapo virusi havijapata pa kujificha. Ikipatikana programu ya aina hiyo, badilisheni maneno ya siri ya barua pepe na ya huduma za fedha kwa kutumia kifaa kingine, na wakati huo ushauri wa fundi wa kufomati nitauunga mkono bila kusita.

Iko sababu moja zaidi ambayo naitaja kwa uzito, maana kufomati kunaifanya iwe mbaya zaidi, nayo ni diski inayokufa. Katika Resource Monitor tazama safu ya "Response Time". Diski yenye afya hujibu kwa milisekunde chache hadi makumi kadhaa, na ikielemewa hupanda hadi mamia. Ukiona maelfu mfululizo ilhali kinachosomwa ni kidogo, au ukisikia mlio wa kugonga kutoka ndani ya boksi, fungua Event Viewer, daftari la Windows la matukio na hitilafu, sehemu ya Windows Logs kisha System, na utafute maonyo ambayo chanzo chake kimeandikwa "disk", hasa yenye namba 7 au 153. Namba 7 inaeleza eneo bovu kwenye diski, na 153 inaeleza ombi lililobidi kurudiwa. Ukiyakuta hayo, kazi ya kwanza ni kunakili nyaraka na picha kwenda diski nyingine, kabla ya ukaguzi wa aina yoyote, kwa sababu ukaguzi kamili wa diski unaifanyisha kazi ngumu kuliko siku zote na unaweza kuwa ndio wa mwisho kwake. Kufomati hakuponyi sahani iliyochakaa. Utamlipa fundi, utapata mashine nyepesi kwa majuma machache, halafu tatizo litarudi nyaraka zikiwa zimekwisha kufutwa. Katika miji ambayo umeme hukatika ghafla mara kwa mara diski huteseka mapema, kwa hiyo usiipuuze nafasi hii.

Dokezo dogo kuhusu kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna mpangilio uitwao Fast Startup unaofanya "Shut down" iwatoe watumiaji lakini ihifadhi kiini cha Windows kwenye diski, ili asubuhi kirudishwe kilivyokuwa. Huduma zilizokwama zinaweza kurudi nazo zikiwa zimekwama. Ukitaka kuanza upya kwa kweli tumia "Restart", na uthibitishe kwa kutazama "Up time" kwenye kichupo cha "Performance", upande wa prosesa. Ikiwa inaonyesha siku kadhaa wakati mnaizima kila usiku, ndilo jambo hilo.

Msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho yake ya usalama, uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender taarifa za virusi hadi Oktoba 2028. Kama zipo fedha mlizokwisha kuzitenga kwa ajili ya fundi, ningeshauri zianzie kwenye diski ya SSD ya GB 240 au 256, ambayo haina mkono wa kusogea na hujibu maombi yaliyotawanyika kwa maelfu kwa sekunde, kisha RAM ya kufikisha GB 8 ikiwa ubao wa mashine unaipokea. Wakati wa kuweka diski mpya, akaunti zote tatu zifanywe za kawaida, na ya msimamizi iwe ya nne, isiyotumiwa kwa shughuli za kila siku na ambayo neno lake la siri unalo wewe. Programu haitaweza tena kujisajili kama huduma ya mashine nzima bila wewe kuitwa.

Kijana akishatoka na programu yake ikishanyamazishwa, iache kompyuta ikiwaka jioni moja bila kuigusa, kwa sababu faharasa itakuwa na malimbikizo ya kumalizia na asilimia 100 inaweza kuendelea kwa muda. Kama jioni inayofuata bado ni nzito, niandikie tena na uniambie mambo matatu: nani na nani wameorodheshwa kwenye "Users", ni faili gani lililo juu kwenye "Disk Activity" pamoja na njia yake yote, na "Response Time" yake ni ngapi.